Tai Mbili Shingoni mwa Baba

Picha waliyoiweka mbele ya ratiba ya mazishi ya baba yangu ni picha niliyokwisha kuipiga marufuku nyumbani kwangu miaka sita iliyopita. Amekaa kwenye kiti cha plastiki cha bluu, suti ya kahawia, tai yake ya kanisani shingoni, na juu ya hiyo tai nyingine ya karatasi ya manila, imepakwa kalamu ya rangi nyekundu, imeandikwa BABA BORA. Pajani ana kitabu. Pembeni, ameegemea bega lake kana kwamba ameegemea hapo maisha yake yote, yupo binti yangu Tumaini, darasa la tatu, jicho moja amelifumba kwa ajili ya mwanga. Chini yake wameandika: Marehemu Mwinjilisti Yona Mlewa, rafiki wa watoto na mpenzi wa vitabu. Niliisoma nikiwa chini ya turubai, nimepakata sahani ya wali wa msiba, nikacheka. Shangazi yangu aliyekuwa amekaa jirani akanifinya paja. "Seche, watu wanaangalia." Nikamwambia, "Waangalie, shangazi. Na mimi naangalia."

Wanasema marehemu hasemwi. Sawa. Mimi sitamsema marehemu. Nitausema mwaka ambao marehemu alikuwa hai, mzima, ana sauti ambayo watu walikuwa wanatembea kutoka vijiji vitatu kuja kuisikiliza ikisoma somo la Jumapili, na sauti hiyo ikashindwa kutoa neno moja tu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimepanga chumba kimoja mtaa wa Kikuyu, mjini, nyumba yenye wapangaji watano na bomba moja uani. Chumba kilikuwa na kitanda, meza ambayo mguu wake mmoja ulifungwa kwa waya, na dirisha lililotazamana na ukuta wa jirani, kwa hiyo ukitaka mwanga wa kusomea ilibidi ufungue mlango. Tumaini alikuwa anasomea mlangoni. Ndivyo ninavyomkumbuka: amekaa kizingitini, miguu nje, kichwa ndani, anasoma chochote kilichopita mikononi mwake, gazeti lililofungia maandazi, maelezo ya dawa ya mende, maandishi ya mfuko wa simenti. Wapangaji walikuwa wanamruka. Jirani yangu Mama Shedrack, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi, alikuwa kila akimruka anasema, "Mama Tumaini, huyu mtoto wako iko siku atasoma hata yasiyomhusu." Mimi nilikuwa naona fahari. Nilikuwa napika kwenye mgahawa mmoja karibu na maofisi, ugali na mlenda, ugali na maharage, mpaka mikono ikanuka kitunguu hata Jumapili, na nilikuwa nikimwona mtoto pale mlangoni najiambia, basi, cheti changu cha kidato cha nne kinachokaa chini ya godoro hakikuwa cha bure.

Siku moja akaja na karatasi ya shule. Shule itaadhimisha Siku ya Akina Baba maktabani. Kila mwanafunzi wa darasa la tatu aje na baba yake, wasome pamoja, wacheze vitendawili, watengeneze zawadi. Na chini, kwa herufi ndogo: akina mama wanaombwa kusaidia mapishi. Nilikuwa nasonga ugali. Nikauacha ukaungua. Leo hii bado nakumbuka harufu ya ule ugali kuliko maneno ya ile karatasi. Kwa sababu mimi nilikuwa nalifahamu darasa lile. Nilikuwa nahudhuria vikao vya wazazi, na kwenye vikao vya wazazi ukihesabu suruali hazijai vidole vya mkono mmoja. Watoto wenyewe wanaletwa na mama, wanafuatwa na mama, wakiugua anaitwa mama, halafu mtu anakaa ofisini anabuni siku, anaipa jina la yule asiyekuja.

"Umeiona?" nikamuuliza Mama Shedrack.

"Nimeiona. Wangu anaona aibu. Boda anaendesha, lakini kusoma ni mpaka herufi zisimame zimsubiri."

"Wako yupo."

"Yupo," akasema, na akaniangalia kidogo. "Ila shoga yangu, kuwapo nako kuna aina zake."

Kesho yake nikaenda shuleni na hasira yangu yote. Maktaba ilikuwa zamani stoo ya majembe na madawati mabovu. Mwalimu Zuhura, msichana wa Kondoa aliyekuwa hajamaliza mwaka kazini, aliifagia mwenyewe, akapaka chokaa, akachora twiga ukutani ambaye kwa kweli alifanana na mbuzi, akatandika jamvi la plastiki na kupanga vitabu kwenye rafu za mbao za maboksi. Siwezi kumchukia Zuhura. Nilijaribu. Nikamwambia, "Mwalimu, asiye na baba aje na nani?" Akashangaa. "Mama Tumaini, baba si yupo kwenye daftari la uandikishaji? Mwinjilisti Yona Mlewa. Tena nimeona ni mtumishi wa Mungu, nikasema huyu atatusomea mbele ya wote. Barua nimeshaituma na basi la Kibaigwa, ipelekwe kanisani kwake, na muhuri wa shule."

Hapa lazima nieleze. Kwetu mtoto aliyezaliwa nyumbani, yaani ambaye mahari ya mama yake haijatoka, ni wa mwenye nyumba. Hulibeba jina la babu yake na hakuna anayecheka. Mbuzi akizaa zizini kwako hutafuti beberu alikotoka. Ndiyo desturi. Baba yangu aliijua kuliko mimi. Lakini nilipomaliza kidato cha nne na mimba ya miezi minne chini ya sketi, aliiweka desturi kando akachukua dini, na dini nayo alichukua kile kipande kilichomfaa. Akaniambia nyumba ya mwinjilisti haina mtoto wa namna hiyo. Nikaondoka na begi la shule. Yule mwanaume mwenye mimba sitamwandika, hajanipa kitu cha kuandika. Tumaini alipofika umri wa kuanza shule, karani wa uandikishaji alinisukumia fomu. Jina la baba, kazi ya baba, anakopatikana. Nikaviruka. Akanirudishia. "Binti, nafasi hii haiachwi wazi." Nikasema hana. Akasema, bila hata kuinua macho, "Kila mtu anaye, andika." Nikaandika. Yona Mlewa. Mwinjilisti. Na jina la kanisa. Sikudanganya, niliifuata desturi. Karani alipoona jina langu na la mtoto yote yanaishia na Yona Mlewa akauliza kama Tumaini ni mdogo wangu.

Kwa hiyo siku ile mbele ya Zuhura ilikuwa rahisi kusema: mwalimu, huyo ni baba yangu mimi, na hatutaki, ifute barua. Nilinyamaza. Katika hasira zangu zote hakuna niliyoibeba muda mrefu kama hiyo ya kunyamaza kwangu. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka aje. Nilikuwa mwanamke mzima, namlisha mtoto, namjua baba yangu, na bado nikasimama mbele ya yule twiga wa mbuzi nikafikiri: huenda barua yenye muhuri itafanya kile ambacho mimi sikuweza.

Siku yenyewe tulikuwa wanawake tisa nyuma ya maktaba, masufuria matatu kwenye mafiga, moshi unatufuata kila tunakohamia. Tulikuwa tunamenya viazi na kuchambua mchele huku tukisikiliza madirishani, maana madirisha yale yalikuwa na nondo tu, hayana vioo.

"Siku ya Akina Baba, na tunaopika ni sisi," akasema mmoja.

"Na Siku ya Mama je?"

"Siku ya Mama nayo tutapika sisi. Hiyo si itakuwa siku yetu?"

Tukacheka mpaka mtu akapaliwa. Ndani walikuwa wamefika akina baba sita kwa watoto karibu arobaini. Mume wa Mama Shedrack alikuja, kofia ya pikipiki ameishika mapajani kama mtu anayesubiri kukimbia. Watoto wasio na mtu walipangwa kwenye kona, wakapewa kazi ya kukata manila. Tumaini hakupangwa kona. Zuhura alimpa cheo, kiongozi wa maktaba, na kazi ya kuwapelekea wageni daftari la kusaini na kalamu. Alikuwa amevaa soksi mpya. Nilikuwa nimemwambia asubuhi, "Babu yako anaweza kuja au asije." Akaniuliza, "Yule Yona wa kwenye jina langu?" Nikasema ndiye.

Akaja. Wa kwanza kumwona alikuwa Mama Shedrack. "Jamani, mgeni rasmi huyo. Angalieni suti." Nikainua kichwa. Alikuwa amezeeka shingo tu, mwili ulikuwa uleule. Viatu vimepigwa kiwi, Biblia kwapani. Alipotufikia wapishi akatusalimu kwa heshima zote, "Mbukwenyi," na wenzangu wakaitikia, "Mbukwa, mzee!" Mimi nikasimama na mwiko wangu. "Shikamoo, baba." Miaka tisa nilikuwa sijamwamkia. Akasimama. Kinywa chake kikasema "Marahaba" chenyewe, kama mlango unaofungwa na upepo, na macho yakapita juu ya kichwa changu yakaenda kwenye bango lililoandikwa KARIBU. Hapo ndipo nilipoelewa kosa. Barua ya Zuhura ilisema shule ina heshima kumwalika Mzee Yona Mlewa kuwasomea wanafunzi. Hakuja kama baba wa mtu wala babu wa mtu. Alidhani kweli yeye ni mgeni rasmi.

Na walimkalisha mbele. Wale wengine walisoma kwanza. Baba Shedrack alisimama na kitabu cha kurasa nane, jasho linamtoka, akasoma "m-bu-zi a-li-ye-ka-taa" na watoto wakaanza kuchekacheka. Shedrack, mtoto wa miaka tisa, akainuka akaenda akaweka kidole kwenye mstari, akawa anamsogezea baba yake kidole, neno baada ya neno. Walikwenda hivyo mpaka ukurasa wa mwisho. Kwenye mafiga Mama Shedrack aligeuka upande wa moshi akajifuta macho, akasema moshi mbaya huu. Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea yule mwanamke, na mume wake asiyejua kusoma.

Kisha mwalimu mkuu akachukua karatasi yake. "Na sasa namwita baba yake Tumaini, Mzee Yona Mlewa, asogee hapa na mwanawe, atusomee." Baba hakuinuka. Niliona mgongo wake kupitia nondo, niliona ukikaza. Tumaini alikuwa ameshatoka kwenye rafu, amefika mbele yake, amepiga goti kidogo kama nilivyomfundisha. "Shikamoo babu. Mimi ndiye Tumaini Yona." Sauti yake ilifika mpaka kwenye masufuria. Baba akageuza kichwa polepole, akatazama dirishani, akaniona na mwiko. Tulitazamana. Nilikuwa nataka neno moja. Angeweza kusema marahaba mjukuu wangu. Angeweza hata kusema simjui, akasimama akaondoka. Nisingemsamehe, lakini ningemheshimu. Watu wazima sita, watoto arobaini na walimu wanamtazama. Akasimama, akatabasamu lile tabasamu la mimbarani, akachukua kitabu, akakaa nacho.

Alisoma. Sitamnyima hilo. Hadithi ileile ya mbuzi aliyekataa kufungwa kamba, lakini kinywani mwake yule mbuzi alikuwa na kiburi, kamba ilikuwa na sauti, na watoto wa kona waliacha mikasi. Wanawake waliacha kukoroga. Tumaini alisimama pembeni yake, halafu akasogea, halafu akaegemea. Hakumsukuma. Hakumshika pia. Walipomaliza watoto wakawavika akina baba tai za karatasi, Tumaini akamvika yake juu ya ile ya kitambaa, na Zuhura akapiga picha. Makofi yalilia mpaka nje. "Mama Tumaini," mwenzangu mmoja akaniambia, "kumbe una baba wa namna hii unatuficha?"

Wakati wa chakula nilipewa birika na beseni niwanawishe wageni mikono. Nilimaliza wote, nikafika kwake. Alinyoosha mikono, nikammiminia. Bila kuinua kichwa, kwa sauti ndogo, akasema, "Jina langu ulilitoa kwa ruhusa ya nani?"

"Fomu ilikuwa haikubali nafasi wazi, baba."

"Ungeandika la baba yake."

"Baba yake ni nani? Uliwahi kuniuliza?"

"Usirudie," akasema. Akakung'uta maji vidoleni, mara tatu, kama alivyokuwa akifanya nyumbani. Kisha akaombwa aombee chakula, akaomba vizuri kiasi kwamba wengine walisema amina katikati. Akala pilau. Akaongeza. Mimi ndiye niliyemwongezea.

Baba alipoondoka, Zuhura aliniita ndani. Alikuwa ameshika daftari la wageni, uso umempauka. Alilichora mwenyewe kwa rula: jina, anakotoka, uhusiano na mwanafunzi, saini. Baba Shedrack alikuwa ameandika BABA kwa herufi kubwa zilizopinda, zikatoka nje ya mstari. Chini yake, kwa mwandiko mzuri ulioegemea nyuma, ulikuwepo mstari wa baba yangu, na kwenye uhusiano aliandika: Hakuna. "Nisamehe, Mama Tumaini," Zuhura akasema. Nilimuuliza swali moja tu. "Mtoto ameona?" Akasema, "Sidhani. Alikuwa anahangaika na kifuniko cha kalamu."

Nikaamua kwamba hakuona. Niliamua, kama mtu anavyoamua kwamba maziwa hayajachacha. Jioni ile kwenye kizingiti Tumaini alikula ugali haraka haraka akaniambia anataka kumwandikia babu barua ya kumshukuru. Nikasema andika. Akaandika, nikasema nitaituma na basi la Kibaigwa. Sikuituma. Niliiweka kwenye kopo la maziwa ya unga, nikaweka kopo nyuma ya masufuria. Wiki mbili zikapita, kila siku ananiuliza babu amejibu. Siku ya kumi na tano, mchana, wateja wa mgahawa wamekwisha ondoka na meza bado zina makombo, nilikaa na karatasi ya daftari nikamjibu.

Niliulaza mwandiko nyuma kama wa baba. Mjukuu wangu Tumaini, Bwana Yesu asifiwe. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Mtama umeota vizuri ila ndege wanatusumbua. Nilifurahi kukuona. Nilipofika hapo kwenye kufurahi kalamu ilinigomea, nikainuka nikafuta meza zote, nikarudi nikaendelea. Barua ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Ya tatu nilianza kuifurahia, na hapo ndipo penye ubaya wake. Nilimfanya aulize habari za shule. Nilimfanya amtanie kwamba twiga wa maktabani ni mbuzi aliyerefushwa. Krismasi ilipokaribia nilimfanya aombe radhi: nisamehe mjukuu wangu, sitaweza kuja, na umwambie mama yako kwamba ninamkumbuka na kwamba nilikosea. Niliitazama ile sentensi muda mrefu. Ilikuwa sentensi nzuri. Ilikuwa imeandikwa na mpishi, kwenye meza yenye mafuta, kwa niaba ya mtu ambaye saa hiyo alikuwa kijijini anawasomea wengine habari za upendo. Nilimwandikia baba yangu utu asiokuwa nao, tena kwa wino wangu. Mpaka leo nikikumbuka natamani kuvunja kitu.

Mwanzoni mwa darasa la nne Tumaini aliandika barua ya mwisho. Ilikuwa fupi. Babu, usijisumbue tena kujibu, najua una kazi nyingi. Hakuandika nyingine. Nilidhani amekua, amechoka, watoto ndivyo walivyo. Nakala ya picha aliyotupatia Zuhura nilishaikataza kubandikwa ukutani, nikasema inavutia mende, ikaenda kukaa kwenye kopo pamoja na barua. Nilipumua. Nilikuwa nimeshinda, nilidhani.

Sasa turudi msibani. Tumaini yuko kidato cha pili, na sauti ile imeruka kizazi kimoja ikamwangukia yeye. Kaka yangu Elia, ambaye ndiye aliyeandaa ratiba, alikuja asubuhi ya mazishi akasema msomaji wa historia fupi ya marehemu amekauka koo, na kwa kuwa picha ya Tumaini iko mbele, basi asome yeye, itapendeza. Picha hiyo, nikagundua, Zuhura alimtumia naye nakala, na ilikuwa imening'inia sebuleni kwa baba miaka yote sita, kwenye fremu. Wageni wakiuliza alikuwa anawaambia: nilialikwa mjini kuwasomea watoto. Sebule ambayo Tumaini aliingia kwa mara ya kwanza siku ile, mwenye sebule akiwa kwenye jeneza.

Akasoma. Watu walinyamaza kama walivyokuwa wakimnyamazia baba. Alizaliwa, alibatizwa, aliitwa kwenye utumishi. Ameacha mjane na watoto, na mimi nilikuwemo, kwa kuwa niliandikwa kabla sijamkosea. Ameacha wajukuu, wafuatao. Watoto wa Elia, wote. Watoto wa dada yangu, wote, hadi kichanga aliyekuwa analia palepale. Orodha ikaisha. Jina la anayesoma halikuwemo. Shangazi alinishika mkono. Chini ya turubai watu walikuwa wanaangalia picha mapajani mwao, kisha wanamwangalia msichana aliyeshika kipaza sauti, kisha picha. Tumaini hakuongeza kitu. Akageuza karatasi, akasoma shukrani za familia, akakaa.

Baada ya kuzika Elia alinifuata jikoni, nyuma ya nyumba, shati limelowa. "Seche, dada yangu, nilinakili tu kwenye Biblia ya mzee. Ule ukurasa wa mbele. Sikufikiri."

"Picha uliifikiri."

Alikuwa amekuja na ile Biblia, ameifungua kwenye ukurasa wa majina, na kalamu juu yake. "Basi mwandike. Nafasi ipo hapa chini. Tumalize hili leo, dada, watu wameona." Nikaishika kalamu. Mnisikilize vizuri: niliishika. Miaka kumi na mitano nimemkasirikia huyu mzee, na ilipokuja nafasi ya mstari mmoja mwishoni mwa ukurasa wake niliinama kwa tamaa kutafuta pa kuanzia. Nikamwita Tumaini, alikuwa anaosha vyombo na wasichana wenzake. Akaja anajifuta mikono kwenye kanga. Akautazama ukurasa, kisha kalamu, kisha mimi.

"Nani anaandika?"

"Mimi."

"Acha, mama. Ulishamwandikia ya kutosha."

Elia hakuelewa. Mimi nilielewa, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Ulijua?"

"Siku ile aliandikia daftari mikononi mwangu, mama. Hakukuwa na meza. Mimi nilikuwa nimelishika hivi, yeye anakandamiza." Akaonyesha, viganja viwili wazi. "Na mwandiko wako naujua, hata ukiulaza."

"Sasa kwa nini uliendelea kumwandikia mwaka mzima?"

"Sikuwa namwandikia yeye."

Akasema hivyo tu, akageukia mafiga, sufuria la maji lilikuwa linachemka linamwagikia moto. "Nishikie upande huo, mama, la moto." Nikamrudishia Elia kalamu yake. Nikatafuta kitambaa cha kushikia sikukiona, mfukoni nilikuwa na ratiba tu. Nikaikunja mara mbili, tai zote mbili zikaingia ndani, nikashikia.